Risasi Iliyompata Mulderig: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Filamu ya Polisi

Mwishoni mwa The French Connection, filamu ya William Friedkin ya mwaka 1971, polisi wa New York wamelizingira genge la heroini huko Wards Island. Risasi zimeshalia, watu wametawanyika. Mpelelezi Jimmy Doyle, ambaye wenzake wanamwita Popeye, ameingia ndani ya jengo bovu linalochuruzika maji akimsaka Alain Charnier, Mfaransa mwenye mzigo. Mbali kidogo, kwenye uwazi wa mlango, anaona mtu anapita. Anafyatua risasi, moja baada ya nyingine, na mtu yule anaanguka. Buddy Russo, mwenzake wa siku zote, anakwenda kumtazama aliyelala chini na kumkuta ni Mulderig, afisa wa serikali kuu waliyekuwa naye kwenye kazi hiyohiyo tangu mwanzo. Anamwambia Doyle amempiga nani. Doyle hajali. Anajaza risasi nyingine kwenye bastola, anasema Charnier yumo humo ndani na atampata, halafu anapotelea vyumba vya mbele. Unasikika mlio mmoja. Picha inakatika.

Kisha yanapita maandishi ya kutuambia nani alipata nini. Weinstock, mwenye pesa za biashara, alishtakiwa na kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi unaofaa. Angie Boca, mke wa jambazi Sal Boca, adhabu yake ilisimamishwa. Lou Boca, ndugu yake Sal, alipunguziwa kifungo. Devereaux, Mfaransa aliyetumiwa kuingiza gari, alikaa gerezani miaka 4. Charnier hakukamatwa kamwe. Doyle na Russo waliondolewa kitengo cha dawa za kulevya wakapangiwa kazi nyingine.

Mulderig hatajwi. Polisi ameuawa na polisi, na filamu iliyotuambia hata hatima ya mke wa jambazi haina mstari mmoja wa kusema marehemu huyu aliandikiwa ripoti na nani. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua: kifo hiki kilitokeaje, kilianza kujengwa wapi, na kwa nini watazamaji wengi, nikiwamo mimi kwa muda mrefu, tunakipita mbio tukimfukuzia Charnier.

Nina sababu yangu ya kukijali. Nilikulia kambi ya polisi Kampala, kwenye zile nyumba za bati za mviringo ambazo Uganda nzima inaziita mama ingia pole. Jirani wa kulia alikuwa Mwacholi, wa kushoto Mkaramojong, mbele yetu familia ya Arua, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha sote, kuanzia amri za wazee hadi ugomvi wa foleni ya maji. Mtoto wa kambini huijua habari ya askari aliyekufa kabla haijatangazwa. Anaona wanawake wakiingia nyumba moja asubuhi na mapema. Baada ya mazishi familia ile hukaa kwa muda, halafu inafungasha, kwa kuwa chumba ni cha askari aliyeko kazini. Kwa hiyo mimi Mulderig akianguka nawaona walio nyuma yake, ingawa Friedkin hakutuonyesha hata mmoja wao.

Turudi nyuma kidogo. Kisa kinaanza kwa hisia tu. Doyle na Russo wamemaliza zamu ndefu, wameingia kwenye klabu kunywa, na Doyle anaona meza ambayo watu wake hawaendani: kijana Sal Boca anamwaga pesa kwa wahalifu wanaojulikana mjini. Badala ya kwenda kulala wanamfuata usiku kucha hadi Brooklyn, na asubuhi wanagundua kwamba bwana mkubwa huyo ana mgahawa mdogo wa kuuza chai na magazeti. Pesa zile za usiku zinatoka wapi? Kutoka hapo kazi inasonga kwa miguu na kwa subira: kusimama barabarani, kunasa simu kwa kibali, kusikiliza masaa ya upuuzi ili kupata dakika moja ya maana.

Upande huu wa filamu naupenda kuliko yale mambo ya magari yaliyoipatia umaarufu. Kuna onyesho ambalo Charnier na mtu wake Nicoli wamekaa ndani ya mgahawa wa kifahari, wanakula sahani baada ya sahani, na ng'ambo ya barabara Doyle amesimama kwenye baridi akitafuna kipande cha piza na kunywa kahawa mbaya mpaka anaimwaga. Hakuna anayesema lolote. Polisi yeyote wa cheo cha chini aliyewahi kulinda lango la tajiri hapa Kololo ataielewa picha ile bila kuongezewa neno, na ataelewa pia kwamba baridi ile inaingia moyoni. Doyle anaanza kumchukia Charnier pale. Chuki hiyo tunaishiriki, na ndipo mtego wa filamu unapoanza kutukamata sisi watazamaji.

Sasa mtazame Mulderig. Anaingia kwenye kazi hii akiwa hampendi Doyle, na anaeleza kwa nini mbele ya watu: hisia za Doyle siku za nyuma zilimgharimu maisha askari mwema. Doyle anamrukia, wanatenganishwa, mambo yanaendelea. Mtazamaji humwona Mulderig kama kero, yule mtu wa ofisini anayemkwamisha shujaa. Lakini msikilize tena. Anasema kuna maiti mmoja tayari. Anasema yule jamaa akishikwa na wazo hamuoni mtu aliye pembeni yake. Kila alilosema ni onyo kuhusu kifo chake mwenyewe, na mkubwa wao Simonson, aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani aende na nani abaki, analisikia na kuliacha lipite.

Kuna na lile la baa. Doyle anaingia kwenye baa ya watu weusi, anawapanga ukutani, anawapekua, anawatukana, na vitu vilivyodondoka sakafuni anavigeuza kuwa mzaha. Waliokuwa Kampala miaka ya 1980 wanakumbuka panda gari: mtaa unazingirwa, kila mtu anakuwa mshukiwa mpaka atakapoonekana kuwa si mshukiwa. Polisi aliyezoea kuwaona watu kama kundi hawezi siku ya giza kumtambua mtu mmoja mmoja. Nalitilia mkazo hili kwa sababu wengi hulichukulia onyesho la baa kama burudani ya kupitisha muda kabla ya hadithi yenyewe. Ni sehemu ya hadithi. Mkono uliompiga Mulderig ulijifunzia pale.

Halafu inakuja ile mbio. Nicoli anapanda juu ya jengo kumlenga Doyle, anakosa, anampiga mwanamke aliyekuwa na kigari cha mtoto. Anakimbilia treni ya reli ya juu, anaiteka, anaua ndani yake. Doyle ananyang'anya gari la raia na kuifukuza treni kutoka chini, katikati ya nguzo na watu. Hakuna muziki, ni tairi na honi na chuma tu. Treni inagonga, Nicoli anateremka ngazi akipepesuka, anamkuta Doyle chini. Anageuka kukimbia. Doyle anamwita asimame, anampiga risasi ya mgongo. Picha hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye bango la filamu.

Nilipowaonyesha majirani filamu hii, hapo walipiga makofi na mmoja akasimama. Siwalaumu, mtu amemuua mwanamke asiye na hatia na kuiteka treni nzima. Hata Sheria ya Polisi ya Uganda inamruhusu askari kumfyatulia risasi mshtakiwa wa kosa kubwa anayetoroka kizuizini, au mtu anayetumia nguvu kuzuia asikamatwe, endapo amemwonya na hana njia nyingine ya kumzuia. Doyle alionya. Pengine mahakama ingemwacha. Lakini fikiria kipelelezi: ni nani mwingine aliyekuwa anajua yote? Nicoli ndiye aliyemuua mpelelezi wa Marseille mwanzoni mwa filamu, ndiye aliyekula meza moja na Charnier, ndiye kamba inayomfunga mzee yule kwenye damu. Akiwa hai, hata kama angekaa kimya mwaka mzima, alikuwa mlango. Akiwa maiti ni bango. Tunashangilia dakika ileile kesi inapopoteza shahidi wake bora, na Doyle naye anaondoka pale na funzo kwamba kupiga kwanza kunalipa. Hakuna anayemwita ofisini. Hakuna anayechukua bastola yake. Anarudi kazini.

Kampala tumeipitia njia hii. Mwaka 2002 mji ulikuwa umechoshwa na majambazi wa bunduki, na serikali ikaanzisha Operesheni Wembley chini ya afisa wa jeshi. Mitaani ilijulikana wazi kwamba jambazi mwenye silaha akikutana nao hafiki mahakamani. Watu wengi walishangilia, na nasema hivyo bila kuwadharau, kwani walikuwa wakilala kwa hofu. Lakini operesheni haikuisha ilipoisha. Iligeuka kitengo cha kupambana na uhalifu wa kutumia nguvu, VCCU, na mwaka 2007 ikawa RRU, kikosi cha kuchukua hatua za haraka, makao yake Kireka. Machi 2011 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu mateso, watu kushikiliwa kinyume cha sheria na mauaji yaliyohusishwa na kikosi hicho. Desemba mwaka huohuo polisi wenyewe wakakivunja. Katiba ya 1995 ilikuwepo muda wote huo, na ibara yake ya 23 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Wale wa kwanza kushangilia hawakudhani kwamba mkono ule ungewafikia ndugu zao.

Baba yangu mdogo, mpelelezi mstaafu aliyetumikia miaka mingi, hakubaliani nami kabisa kuhusu Doyle. Tuliitazama pamoja, na filamu ilipokatika alisema, "Mwanangu, wewe hujasimama gizani na mtu mwenye bunduki." Nikamwambia, "Kweli baba, sijasimama." Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sijalisoma kwa mchambuzi yeyote: nani kati yao alijua Mulderig yuko mlango gani?

Tulirudisha nyuma tukatazama upya. Hakuna aliyejua. Watu wa vitengo viwili, wote wamevaa kiraia, wanaingia jengo moja kutoka pande tofauti. Hakuna alama ya kujitambulisha, hakuna neno la siri la kuitana, hakuna aliyepewa kazi ya kusema nani yuko upande gani. Charnier mwenyewe amevaa koti refu kama wao. Kwa maoni ya baba mdogo, Doyle alikosea sekunde mbili, lakini waliopanga msako walikosea siku nzima. Ugomvi wa Doyle na Mulderig nao uliongeza: watu wasiozungumza hawaambiani wanakoelekea. Hoja hii ilinibadilisha kidogo. Nilikuwa nimeuweka mzigo wote kwenye tabia ya mtu mmoja. Sasa naona kwamba tabia ile iliruhusiwa, na kwamba ofisi inayojua ina mtu wa aina ile na bado inampeleka kwenye giza pamoja na adui wake bila utaratibu, nayo imeshika bastola.

Bado sikubali kwamba giza linamtoa Doyle hatiani. Giza linaweza kueleza risasi ya kwanza. Haliwezi kueleza yaliyofuata baada ya Russo kulitaja jina. Mtu aliyekosea huweka silaha chini, hupiga magoti, huita msaada, hata kama ni kwa kuchanganyikiwa. Doyle anajaza risasi. Gene Hackman anaicheza sehemu ile bila kuonyesha chochote usoni, na alistahili Oscar aliyopewa kwa dakika hiyo peke yake. Filamu ilichukua Oscar 5 mwaka 1972, ikiwemo ya filamu bora.

Niseme jambo kuhusu Friedkin mwenyewe, maana lina uhusiano. Alitoka kwenye filamu za kumbukumbu, akaleta kamera ya begani na mitaa ya kweli ya baridi ya New York. Mpiga kamera wake, Enrique Bravo, alikuwa ameyapiga picha mapinduzi ya Cuba. Ndiyo sababu filamu inanuka mtaa. Lakini sehemu ya ile mbio ilipigwa bila vibali, ndani ya msongamano wa magari ya raia wasiojua lolote, na ajali moja ya njia panda haikupangwa. Ilitokea, ikaachwa ndani ya filamu. Miaka ya baadaye Friedkin alikiri kwamba aliwaweka watu hatarini na kwamba asingerudia. Alimfukuzia Charnier wake mwenyewe, kwa mtindo wa Doyle. Vijana wetu wanaopiga filamu Katwe na Kisenyi kwa kamera za kuazima wanapenda kuisimulia habari hiyo kama ushujaa. Naomba waache. Boda boda anayepita hajasaini mkataba wa kufa kwenye filamu ya mtu.

Na sasa lile gari, kwa sababu ndilo linaloonyesha njia ambayo ingefaa. Gari la Devereaux aina ya Lincoln linakamatwa, mafundi wanalifumua hadi mifupa, hawapati kitu. Doyle hatulii. Ndipo Russo anapolinganisha uzito: kitabu cha gari kinasema hivi, hati za meli zinasema ratili 120 zaidi. Fundi anakiri kuna sehemu moja hajaigusa, yale mabati ya chini ya milango. Mafundi wa Kisekka niliokaa nao walishabashiri kabla yake, wakagonga meza kwa furaha. Mzigo upo. Hapo hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, na karatasi mbili zilizowekwa pamoja. Kama kuna dakika ambapo polisi wanalishinda genge, ni hiyo, usiku gerejini, mikono imejaa grisi.

Kwa hiyo ule ushahidi uliokosekana mahakamani haukukosekana kwa uvivu. Ulikuwepo, ukaharibiwa njiani, na watu waliopaswa kuutolea ushahidi walikuwa wamekufa au wametoroka. Tusidhani kwamba utaratibu ni jambo dogo la mawakili. Mei 2023 Mahakama ya Katiba hapa Uganda iliibatilisha Sheria ya Dawa za Kulevya ya 2015 nzima kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Sheria ilikuwa na meno, lakini hesabu ya viti ilisahauliwa.

Kesi ya kweli iliyoizaa filamu hii ni ya mwaka 1961 na 1962, na wapelelezi wake wa kweli, Eddie Egan na Sonny Grosso, wote wawili wanaonekana kwenye filamu. Egan anamcheza mkubwa wa Doyle, Grosso anamcheza Klein, mwenzake Mulderig. Ile mbio chini ya reli haikutokea, na kifo cha Mulderig ni cha watunzi. Lakini kuna tukio la kweli ambalo hawakulijua walipokuwa wakipiga picha. Heroini ya kesi ile ilihifadhiwa kwenye stoo ya vielelezo ya polisi, na kati ya mwaka 1969 na 1972 ikaibwa kidogo kidogo pamoja na mamia ya ratili za dawa nyingine, ikawekwa unga badala yake. Iligunduliwa Desemba 1972, baada ya watu kuona wadudu wakiila ile mifuko ya "heroini". Mwaka uleule ambao filamu ilibeba Oscar zake, kielelezo chake halisi kilikuwa kimekwisha, na njia ya kukifikia ilikuwa mlango wa stoo ya polisi.

Naliwaza hilo kila ninapoombwa ushauri na vijana wanaoandika filamu za polisi wa Kampala. Wote wanaleta mbio za pikipiki Namuwongo, wote wanaleta jambazi anayeanguka kwa mgongo. Mimi ningeanzia pale Friedkin alipokata. Ni alfajiri, mwili wa Mulderig umeshaondolewa, na Russo ameitwa ofisini kuandika maelezo. Yeye peke yake aliona. Mezani kuna faili tupu, kalamu, na bastola ya Doyle ndani ya mfuko wa vielelezo, ikiwa kuna aliyekumbuka kuichukua. Ofisa anayeandikisha anamjua Doyle tangu chuo cha polisi. Mke wa Mulderig yuko kwenye benchi la nje na anauliza kila anayepita mumewe alipigwa na nani, na kila anayepita anamwambia asubiri. Russo ana njia mbili na zote zina gharama: akiandika jina la Doyle, kambi nzima itaacha kumsalimia, akiandika "mtu asiyejulikana", Charnier atabeba na maiti huyu pia na faili litafungwa kabla ya saa sita. Filamu hiyo naitaka, saa moja na nusu ndani ya ofisi ile, kwa Kiswahili chetu cha kambini, na yule mwanamke wa benchini awe na jina.